Intavali Bila Kuchakaa: Namna ya Kupanga Spidi na Mapumziko Ukiwa Mkimbiaji wa Nairobi

Kila msimu wa mbio unapokaribia naulizwa maswali yale yale. Mbona nakimbia kila siku na muda haushuki? Baada ya spidi nipumzike siku ngapi? Kuna kijana aliniuliza kama ni kweli kupumzika ni kwa wavivu, maana ndivyo wanavyoambiana kwenye kundi lao. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unajiandaa kwa kilomita 10, 21 au 42, una kazi au masomo, na mazoezi yako unayafanyia Nairobi. Aliye kambini Iten, ambaye siku yake ni kukimbia, kula na kulala, hesabu zake ni nyingine kabisa.

Nadharia ni fupi. Intavali, yaani raundi za kasi zenye mapumziko katikati (wengi tunaziita spidi), zenyewe hazikupi kasi, zinakuchosha tu. Kasi inakuja mwili unapojirekebisha baadaye: misuli inaungwa upya, akiba ya wanga inajazwa, moyo na damu vinazoea. Kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Ukipiga spidi nyingine kabla haijaisha, unabomoa ukuta ambao fundi bado anaujenga.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Msingi. Uwe unaweza kukimbia dakika 45 bila kusimama, mara nne kwa wiki, na umefanya hivyo kwa miezi miwili au mitatu. Kama bado, achana na intavali kwa sasa. Mbio za taratibu zitakupa faida kubwa kuliko spidi, tena bila majeraha.
- Saa inayohesabu sekunde. Ya GPS ni nzuri, ila si lazima.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, lakini daftari halikuletei ujumbe saa 11 alfajiri.
- Raba nzima. Za mtumba kutoka Gikomba au Toi hazina neno, mradi uzikague: ziweke juu ya meza uone kama soli imelala upande mmoja, kisha bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikibonyea na kubaki hivyo, hiyo raba imekwisha hata kama juu inang'aa.
- Mahali tambarare pa kufanyia spidi. Uwanja wa mita 400 ukiupata ni bora. Usipoupata, pima kilomita moja ya barabara isiyo na magari wala matuta. Usifanye intavali kando ya barabara kuu wakati wa foleni. Unapohema kwa nguvu kiasi hicho, moshi wote wa matatu unaishia kifuani.
- Ruhusa ya daktari, ikiwa umepita miaka 40 na hujawahi kufanya mazoezi makali, una presha au kisukari, umewahi kuhisi maumivu ya kifua ukikimbia, au kwenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana.

Hatua ya 1: Jua mapigo yako ya kawaida

Kwa asubuhi saba mfululizo, ukiamka tu, kabla hujaketi, hujashika simu wala kunywa chai, weka vidole viwili shingoni au kwenye kifundo cha mkono na uhesabu mapigo kwa sekunde 60 nzima. Andika. Mwisho wa wiki tafuta wastani. Hiyo ndiyo namba yako. Usiilinganishe na ya jirani. Mwenye 48 na mwenye 64 wote wanaweza kuwa wazima kabisa.

Hatua ya 2: Panga mapumziko kwanza, spidi baadaye

Hapa ndipo watu hukosea tangu mwanzo. Wanaandika spidi, wanaongeza mbio ndefu, wanaongeza mazoezi ya kundi, halafu mapumziko yanapewa nafasi iliyobaki, na kwa kawaida haibaki. Geuza. Chukua kalenda ya wiki, weka alama siku moja ya kutokimbia kabisa, kisha weka siku ngumu kwa namna ambayo kati ya moja na nyingine zitapita angalau saa 48. Mbio ndefu ni siku ngumu pia, usiisahau kwenye hesabu.

Wiki ya anayeanza inaweza kuwa hivi:

Jumatatu: pumziko kamili
Jumanne: intavali
Jumatano: taratibu, dakika 40
Alhamisi: taratibu, dakika 45, au baiskeli
Ijumaa: pumziko au kutembea
Jumamosi: taratibu, dakika 30
Jumapili: mbio ndefu

Wanaowahi ibada Jumapili huihamishia mbio ndefu Jumamosi na kuiacha Ijumaa tupu. Baada ya miezi mitatu bila jeraha unaweza kuongeza fatleki fupi (mbio za kubadilisha kasi, mara haraka mara taratibu, bila kusimama) katikati ya wiki. Hapo ukome. Siku ngumu tatu kwa mtu mwenye ajira ni nyingi tayari.

*Tahadhari:* pumziko la Nairobi lina ujanja wake. Kufua nguo za wiki nzima kwa mkono, kubeba mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne kwa sababu pampu imeharibika, kusimama saa mbili kwenye foleni ya matatu huku mvua inanyesha: mwili hauyaiti hayo mapumziko. Ukijua Jumatatu ndiyo siku yako ya kuhangaika mjini, hamishia pumziko siku nyingine.

Hatua ya 3: Pata kasi yako halisi

Usichukue kasi kwenye jedwali la intaneti, na usitumie muda uliokimbia Mombasa. Nairobi iko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu karibu moja ya tano kuliko ufukweni. Kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Aliyetoka Pwani akaanza spidi wiki ile ile aliyofika atajiona mgonjwa. Ajipe wiki mbili au tatu za mbio za taratibu kwanza.

Kimbia kilomita 5 peke yako, hapa hapa, kwa juhudi zako zote, ukiwa umepumzika siku mbili. Gawanya muda kwa tano. Aliyetumia dakika 25 ana kasi ya 5:00 kwa kilomita, yaani dakika mbili kamili kwa kila mzunguko wa mita 400. Hiyo ndiyo kasi ya intavali zake. Si kasi ya kaka yake, wala ya yule aliyemzidi Jumamosi iliyopita.

Hatua ya 4: Fanya intavali zenyewe

Tuseme ni Jumanne, saa 12 asubuhi, nawe ndiwe yule wa dakika 25.

Anza na dakika 15 za kukimbia polepole, polepole hasa, hadi jasho la kwanza litokee. Nyosha viungo kwa kuvitembeza: tupa miguu mbele na nyuma, inua magoti, zungusha nyonga. Kisha chomoka mara nne, mita 80 kila moja, ukirudi kwa kutembea. Umeshapata moto.

Wiki ya kwanza na ya pili: mita 400 mara 6, kila moja kwa dakika 2:00, na katikati dakika 2 za kutembea au kujikokota. Ya tatu: mita 800 mara 4, kila moja kwa 4:00, pumziko dakika 2 na nusu. Baadaye, mwili ukikubali: mita 1,000 mara 4 hadi 5, kila moja kwa 5:00, pumziko dakika 3. Jumla ya mita za kasi isizidi 5,000 kwa miezi yako ya mwanzo.

Sasa angalia raundi ya kwanza, maana ndiyo inayoharibu asubuhi nzima. Miguu ni mibichi, hewa ni baridi, kuna mtu mbele yako. Unapita mita 200 kwa sekunde 52 badala ya 60 na unajisikia vizuri mno. Ukimaliza hivyo, raundi ya nne utaikimbia mabega yakiwa masikioni, na ya sita utaisukuma kwa 2:12 huku unajiambia umefanya kazi. Hukufanya. Umefanya mbio za mashindano zisizo na medali. Raundi zote zitoke karibu sawa, na ya mwisho ikiwa bora kuliko ya kwanza kwa sekunde moja, hapo umeelewa mchezo.

Pumziko la katikati nalo ni sehemu ya zoezi, kwa hiyo lipime kwa saa. Wapo wanaolikata ili waonekane wagumu. Ukilikata unabadilisha zoezi lote: kasi inashuka, uchovu unapanda, na hicho ulichokijia hukipati. Kwenye mwinuko huu mimi ningeongeza sekunde 30 kuliko kupunguza 10.

Kanuni ya kufunga: raundi mbili mfululizo zikizidi muda wako kwa sekunde 5 kwa mita 400, au sekunde 10 kwa kilomita, acha. Jikokote dakika 10, nenda nyumbani. Hakuna deni la kulipa kesho.

*Tahadhari:* usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili umalize zoezi. Dawa inaficha maumivu yanayokuonya, na ukiimeza huku umepungukiwa maji unazitwisha figo mzigo. Najua inauzwa kemisti ya kila kona. Isiwe sehemu ya vifaa vyako.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza baada ya spidi

Usiingie matatu moja kwa moja kutoka uwanjani. Jikokote dakika 10, badilisha fulana iliyolowa, vaa sweta, hasa Julai. Kisha kula mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana. Huhitaji unga wa protini wa bei mbaya. Uji, ndizi mbili na mayai mawili vinafanya kazi. Maziwa mala na viazi vitamu vinafanya kazi. Mchana ugali au wali uwe wa kutosha, na ndengu, maharage, omena au nyama pembeni, na sukuma wiki. Siku ya spidi si siku ya kupunguza wanga kwa ajili ya tumbo.

Halafu kuna suala la chai. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharage, na mkimbiaji wa mwinuko anahitaji chuma ili atengeneze damu. Sisemi uache chai, tutakosana. Isogeze tu, saa moja kabla au baada ya mlo.

Hatua ya 6: Siku ya taratibu iwe ya taratibu kweli

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwenye mwongozo huu, ingawa haitoi jasho. Wengi wetu tunakimbia kila siku kwa kasi ya katikati: haraka mno kuwa pumziko, polepole mno kuwa spidi. Jumanne inapofika miguu haina kitu.

Kipimo ni mdomo wako. Uweze kumsimulia mwenzako kisa kizima, sentensi ndefu, bila kukatika pumzi. Ukiwa peke yako, imba ubeti wa wimbo. Ukishindwa, punguza. Kwa yule wa dakika 25, kasi hiyo ni kama 6:30 hadi 7:15 kwa kilomita, na kwenye kilima anaweza kutembea bila aibu yoyote. Ukienda Iten au Kaptagat utawaona mabingwa wakianza mbio zao za asubuhi kwa kujikokota hivi kwamba unaweza kuwafuata. Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajisukumi hadi mwisho wa nguvu zake.

Msitu wa Karura unafaa sana kwa siku hizi: kivuli, udongo laini, hakuna magari. Una kiingilio na vilima viwili vitatu vya kupanda kwa heshima. Mvua ikinyesha usiku, ule udongo mwekundu unashika raba kama gundi. Fupisha hatua, usishindane nao. Vilima vya Ngong havifai siku ya taratibu hata kidogo. Vinapita mita 2,400, na mpando ule utakufanyisha intavali upende usipende.

*Tahadhari:* Strava, ile programu ya simu ya kuonyeshana mbio, imewaponza wengi. Mtu anaona haya kuonyesha 7:00 kwa kilomita, anaongeza mwendo ili picha ipendeze. Siku ya taratibu ficha kasi au acha simu nyumbani. Vivyo hivyo na kundi: kama wenzako siku ya taratibu wanakimbizana, sema mapema kwamba leo uko nyuma, na ubaki nyuma.

Hatua ya 7: Lala

Saa 7 hadi 9, na usiku wa kuamkia spidi pamoja na ule unaoifuata ndio muhimu zaidi. Anayeamka saa 10 usiku awahi kazi na kulala saa 6 usiku hawezi kubeba spidi mbili kwa wiki, hata awe na kipaji gani. Abebe moja. Usingizi wa mchana wa dakika 20 au 30 wikendi unasaidia. Wa zamu za usiku wasifanye intavali wanapotoka kazini. Walale kwanza, wakimbie jioni.

Hatua ya 8: Kila wiki ya nne, shuka

Wiki tatu za kupanda, moja ya kushuka. Wiki ya kushuka punguza umbali wote kwa theluthi moja na fanya nusu ya intavali kwa kasi ile ile. Utajisikia una nguvu nyingi kufikia Alhamisi. Usizitumie. Wiki mbili kabla ya mashindano ya kilomita 21 au 42 fanya vivyo hivyo kwa ukali zaidi: umbali ushuke hadi karibu nusu, spidi ibaki fupi na kali, na wiki ya mwisho usijaribu chochote kipya, iwe raba, chakula au ushauri wa shemeji.

Hatua ya 9: Amua kila asubuhi

Kabla ya siku ngumu, hesabu mapigo kama ulivyofanya hatua ya 1. Jiulize pia: nimelalaje, miguu ikoje kwenye ngazi, nina hamu ya kukimbia?

Mapigo yakiwa ya kawaida na majibu ni mazuri, endelea. Yakizidi wastani kwa 5 hivi, au umelala vibaya, geuza spidi iwe mbio za taratibu na uisogeze mbele siku moja. Yakizidi kwa 10, pumzika kabisa, na uangalie kama homa haiko njiani. Mapigo pekee yasikutawale lakini. Ukiwa na namba nzuri na miguu inayouma ukishuka ngazi, sikiliza miguu.

Mambo yakienda kombo

*Muda haushuki, nimefanya kila kitu kwa wiki sita.* Angalia kwanza siku zako za taratibu kwenye daftari. Mara nyingi jibu liko pale. Kama ziko sawa, ongeza chakula kabla ya kuongeza mazoezi. Bado? Pima damu, uulize hasa kuhusu akiba ya chuma. Usianze vidonge vya chuma kwa kukisia, vikizidi vinadhuru.

*Hedhi imepotea au imeanza kuruka miezi.* Dada, hiyo haimaanishi umekuwa mwanariadha kamili. Mara nyingi ina maana chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya, na mifupa ndiyo inayolipa. Simamisha spidi, kula zaidi, muone daktari.

*Nikifanya spidi jioni sipati usingizi.* Malizia kabla ya saa 1 usiku, oga maji ya vuguvugu, punguza chai na kahawa kuanzia alasiri. Ikishindikana, hamia asubuhi.

*Nimefunga Ramadhani.* Bakisha siku ngumu moja kwa wiki, fupi, saa moja au mbili baada ya futari nyepesi. Zilizobaki zote za taratibu. Hutapoteza kiwango kwa mwezi mmoja.

*Nina mafua.* Pua tu na koo kidogo, kimbia taratibu kama unajisikia. Homa, kikohozi cha kifuani au maumivu ya mwili, lala. Homa ikiisha, ongeza siku tatu za mbio za taratibu kabla ya spidi, na zoezi ulilokosa usilifidie.

*Muundi unauma.* Maumivu yaliyoenea kwenye msuli na kupungua ukipata moto huvumilika kwa kupunguza umbali na kuhamia kwenye udongo laini. Ila ukiweza kugusa sehemu moja ya mfupa kwa kidole na ikauma pale pale, au ikauma usiku umelala, acha kukimbia kabisa hadi daktari aangalie. Ufa wa mfupa hauponi kwa kuchuliwa.

*Kisigino kimekaza asubuhi.* Ondoa spidi wiki mbili, acha vilima, fanya kuinuka kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, mara 15, seti tatu. Kikilegea baada ya dakika chache za kutembea uko salama kuendelea taratibu. Kikivimba, pumzika.

*Mkojo umekuwa wa rangi ya soda nyeusi baada ya zoezi kali, na misuli imevimba.* Usisubiri asubuhi wala usijitibu kwa maji mengi. Nenda hospitali usiku huo huo, uwaambie ulifanya mazoezi gani na kama ulimeza dawa yoyote ya maumivu.